Shukrani ya safarini inayeyuka baada ya wiki tatu. Inashikwaje?

Mguu_Njia

Habari zenu wakuu. Naomba tujadili jambo moja bila mahubiri.

Mtu anasafiri nchi ya watu, anakutana na umaskini uso kwa uso. Familia ya watu saba chumba kimoja, mtoto anayebeba maji saa ambayo wenzake wako darasani, mgonjwa anayerudishwa kwa kukosa hela ya vipimo. Anarudi kwake amebadilika. Wiki ya kwanza hata swichi ya taa anaibonyeza kwa adabu. Wiki ya tatu ameshaanza kugombana na intaneti inayosuasua. Wiki ya sita hana habari tena, isipokuwa picha kwenye simu.

Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Sawa, lakini huyu alimjua. Alikaa naye, wakala sahani moja, na bado kamsahau. Hapo ndipo panaponitatiza.

Nina maswali matatu. Kwa nini shukrani ya namna hii haidumu? Pili, haya madaftari ya shukrani yanayosifiwa kila kona yanafanya kazi kweli, na yanaandikwaje? Tatu, ambalo ndilo zito: kuna uhalali gani wa kujenga utulivu wa moyo wangu juu ya dhiki ya mtu mwingine?

Majibu ya "mshukuru Mungu tu" nayaheshimu, ila hapa natafuta utaratibu unaofuatika.

---

Kikokotoo

Mkuu, kwanza mwondolee huyo msafiri lawama. Hajaharibika, ubongo wake umefanya kazi yake ya kawaida. Mwaka 1971 wanasaikolojia Philip Brickman na Donald Campbell walieleza jinsi binadamu anavyozoea hali yoyote, iwe neema au mashaka, mpaka moyo ukarudi karibu na pale ulipokuwa. Mwaka 1978 Brickman na wenzake wakawaweka washindi 22 wa bahati nasibu sambamba na watu 22 wa kawaida. Washindi hawakuwa na furaha ya kutajika kuwazidi wenzao, na mambo madogo ya kila siku, kama kupiga soga na rafiki au kusikia kichekesho, yaliwapa raha ndogo zaidi. Kama mamilioni yanazoeleka, bomba la maji litaachaje kuzoeleka?

Sababu ya pili ni kipimo. Leon Festinger, mwaka 1954, alionyesha kwamba mtu hujipima kwa watu anaofanana nao na walio karibu naye. Kule ugenini mbele ya macho yake alikuwepo mama mwenye dumu kichwani. Akirudi, mbele ya macho yake yupo mfanyakazi mwenzake mwenye gari jipya. Rula imebadilishwa mkononi mwake na yeye hajashtuka. Kwa hiyo shukrani iliyosimama juu ya "afadhali mimi" itadumu muda ule tu ambao yule mwingine anaonekana. Ni kama dawa ya maumivu: inatuliza kweli, kisha inaisha nguvu, na mtu anaanza kutafuta dozi nyingine. Wapo wanaopanga safari nyingine kwa sababu hiyo hiyo, ingawa wenyewe wataita "kujifunza".

Sasa utaratibu. Siku mbili za kwanza baada ya kurudi zina thamani kuliko miezi miwili inayofuata, kwa sababu mwili bado unakumbuka. Kaa dakika 15, andika vitu kumi ambavyo wewe mwenyewe ulivikosa kule. Nasisitiza: ulivyovikosa wewe, siyo ulivyowahurumia wengine. Huruma itakupa sentensi pana kama "watu wale wanateseka sana", ambayo haina pa kushikia. Kukosa kunakupa kitu chenye mahali na saa: usiku wa tatu umeme ulikatika saa mbili ukasoma kwa tochi ya simu mpaka chaji ikaisha, siku ya tano uliamka kuoga ukakuta ndoo ina maji ya kina cha vidole vinne.

Katika kumi hivyo chagua kimoja, kile unachokigusa kila siku nyumbani, kikifunge na tendo. Peter Gollwitzer aliandika mwaka 1999 kuhusu mipango ya "ikitokea hivi, nitafanya hivi", na nguvu yake iko kwenye kuutaja wakati na kitendo kwa uwazi. "Nitakuwa mtu wa shukrani zaidi" haina mlango wa kuingilia. "Nikifungua bomba asubuhi, nitaacha maji yapite juu ya vidole kwa hesabu ya tano kabla sijanawa uso" inao. Wengi hukosea kwa kufunga vitu sita kwa mpigo. Wiki ya pili vyote vimekufa. Weka kimoja kwa mwezi mzima, ukikiona kimekuwa cha mazoea tupu, kibadilishe.

---

Bi_Daftari

Nichukue swali la pili, maana hapo ndipo pana upotoshaji mwingi.

Utafiti unaotajwa sana ni wa Robert Emmons na Michael McCullough wa mwaka 2003. Katika jaribio la kwanza watu waliandika mara moja kwa juma kwa majuma kumi. Kundi moja liliandika hadi mambo matano ya kushukuru, kundi jingine kero, la tatu matukio ya kawaida. Walioandika shukrani waliyaona maisha yao kwa ujumla kuwa mazuri zaidi. Ila kwa mada yetu jaribio la pili ndilo lenye utamu, na halisimuliwi sana. Safari hii kundi la tatu liliambiwa liandike namna ambavyo wao wana afadhali kuliko wengine. Ndiyo ile ile "afadhali mimi" ya Kikokotoo. Walioandika shukrani walikuwa na mwelekeo zaidi wa kuripoti kwamba wamemsaidia mtu mwenye tatizo au kumpa mtu pole na moyo, kuliko kundi la kero na kuliko kundi la afadhali. Ukiwa wa kwanza kwenye foleni utafurahi, lakini hilo halikupi sababu ya kugeuka nyuma.

Tofauti iko wapi? Emmons anaigawa shukrani sehemu mbili: kutambua kwamba umepata jema, na kutambua kwamba chanzo chake kiko nje yako. Kujilinganisha kunakupa sehemu ya kwanza peke yake. Kwa hiyo kila mstari wa daftari lako uwe na mtu ndani yake. Mfano wa mstari mbovu: "Nashukuru kwa afya." Mfano wa mstari unaofanya kazi: "Homa ilipopanda saa nane usiku, yule dereva aliamka, akanipeleka zahanati, akakaa kwenye benchi mpaka kulipokucha, na mafuta hakudai." Una saa, una mtu, una kilichomgharimu.

Mara ngapi? Sonja Lyubomirsky na wenzake walilinganisha mara moja kwa wiki na mara tatu kwa wiki, kwa wiki sita. Waliopata nafuu ni wa mara moja. Wa mara tatu huenda walichoka, ikawa kazi ya shule. Chagua siku moja na saa moja, andika mambo matatu hadi matano, mistari miwili au mitatu kila jambo. Ukijikuta unarudia "familia, afya, kazi" wiki ya tatu mfululizo, funga daftari wiki hiyo. Kuandika kwa kulazimisha kunafundisha mkono tu.

Njia ya pili, ambayo kwa msafiri naiona bora kuliko zote, ni ya kutoa badala ya kujumlisha. Minkyung Koo na wenzake, mwaka 2008, waliwaomba watu waandike jinsi jambo jema maishani mwao lingeweza kutotokea kabisa. Hawa walifurahi zaidi kuliko walioandika jinsi lilivyotokea, na ajabu ni kwamba watu walipoulizwa kabla, walitabiri kinyume. Ifanye hivi. Chukua jambo moja, tuseme unajua kusoma. Chora mstari wa kurudi nyuma: nani alikuandikisha, nani alilipa, shule ilikuwa umbali gani, ni mwaka gani nyumbani kulikuwa na shida na bado hukutolewa. Kila kituo jiulize, hapa ingeshindikanaje? Utafika vituo vinne au vitano vya bahati na vya watu, na utaona kwamba kati yako na yule mtoto mwenye dumu hakuna ukuta wa ustahili.

Onyo moja: faida ya mazoezi haya ni ya kiasi, siyo miujiza. Mwenye sonona anahitaji mtaalamu, na kumwambia aandike anachoshukuru kunaweza kumwongezea kujilaumu.

---

Mpima_Maji

Swali la tatu limekaa kimya, nalichukua.

Tatizo la kwanza la kujengea shukrani juu ya umaskini ulioonwa safarini ni kwamba mara nyingi haukuonwa vizuri. Msafiri anaona paa la bati lenye kutu, anaona watoto peku, anaona tabasamu. Kisha anarudi na ile sentensi ninayoichukia: "Hawana kitu lakini wana furaha." Mkuu, wewe ulikuwa mgeni. Mgeni hufagiliwa uwanja na hutabasamiwa. Hukuwepo saa ya kugawana chakula kisichotosha. Amartya Sen, aliyepata Nobeli ya uchumi mwaka 1998, alionya siku nyingi kwamba aliyeishi na upungufu muda mrefu hujifunza kutaka kidogo, kwa hiyo utulivu wake usitumike kama ushahidi kwamba hakipungui kitu. Na watu wanapoulizwa wayape maisha yao alama kati ya 0 na 10, nchi zenye kipato kikubwa kwa kawaida ndizo zinazotoa alama za juu.

Kosa jingine: "Kule vitu ni rahisi, hicho kidogo kinawatosha." Mstari wa umaskini uliokithiri wa Benki ya Dunia, ambao tangu Juni 2025 ni dola 3.00 kwa mtu kwa siku (kabla ya hapo ulikuwa 2.15), tayari umerekebishwa kwa tofauti ya bei kati ya nchi. Maana yake ni kile ambacho dola tatu zingenunua Marekani kwenyewe. Urahisi umeshahesabiwa, usiuhesabu mara ya pili.

Ukitaka kuona vizuri, tumia orodha iliyo kwenye kipimo cha umaskini wa pande nyingi, kilichoanzishwa mwaka 2010 na Chuo Kikuu cha Oxford pamoja na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa. Kina viashiria kumi: lishe, vifo vya watoto, miaka ya shule, mahudhurio, nishati ya kupikia, choo, maji, umeme, nyumba, na mali za ndani. Kaya inayokosa theluthi moja au zaidi, kwa uzito uliowekwa, inahesabiwa maskini. Chukua familia moja uliyoifahamu, pita nayo kiashiria kwa kiashiria. Utagundua mengi ulikuwa hujui. Hata hilo linasaidia, kwa sababu linakuzuia kuwageuza watu wale kuwa mandhari.

Nichukue kimoja nikisogeze karibu: maji. Kwa kipimo cha WHO na UNICEF, huduma ya msingi ya maji ni chanzo kilichoboreshwa (kilichokingwa na uchafu, kama bomba au kisima kilichofunikwa) ambacho kwenda, foleni na kurudi havizidi dakika 30. Kiwango cha chini kinachotumika kwenye misaada ya dharura ni lita 15 kwa mtu kwa siku. Familia ya watu watano ni lita 75. Dumu ni lita 20, yaani kilo 20 bila uzito wa dumu lenyewe. Hiyo ni safari nne, na kila moja ikifika dakika 30 ni saa mbili za miguu na foleni, kila siku, Jumapili haipumziki.

Sasa ingia bafuni kwako. Bomba la mvua la kawaida hutoa lita kama 8 hadi 10 kwa dakika. Dakika nane za kuoga ni lita 64 hadi 80. Umeoga siku nzima ya watu watano.

Zoezi: Jumamosi moja jaza madumu mawili, yaweke nje kwenye lango, funga koki kuu, na uishi kwa hayo mawili toka asubuhi mpaka usiku. Ukimaliza moja hujafika adhuhuri, umeelewa. Kinachoharibu zoezi hili ni kudanganya chooni, maana mvuto mmoja wa choo ni lita 6 hadi 9, kwa hiyo hesabu nayo. Beba dumu mwenyewe kutoka langoni mpaka ndani. Shingo itakwambia jambo ambalo picha zako 400 hazikukwambia. Asiwe mgonjwa wa mgongo lakini, na mwenye mtoto mchanga au mgonjwa ndani asifunge koki.

Na uhalali ndio huu kwa maoni yangu: zoezi hili halikuambii una bahati kuliko yule mama. Linakuambia yeye anafanya kazi gani. Heshima kwanza.

---

Mguu_Njia

Nimeelewa, na ile hesabu ya bafuni imenikaa. Sasa swali linalozaliwa hapo: hatia. Msafiri anayeelewa hivi analemewa, anaanza kutoa hovyo. Anagawa hela barabarani, anaahidi kusomesha watoto watatu, anakusanya nguo kuukuu maboksi sita. Na picha je, azifanyeje?

---

Fundi_Saa

Hatia ina haraka, na haraka ndiyo inayoharibu. Kanuni ninayoipendekeza: usiahidi kitu ukiwa bado ugenini. Ahadi ni deni, na ahadi ya karo iliyokatika muhula wa pili inamwacha mtoto pabaya kuliko alipokuwa, kwa sababu wazazi walishaacha kutafuta njia nyingine.

Kutoa kwenyewe kunafaa, hata kwa mtoaji. Elizabeth Dunn, Lara Aknin na Michael Norton, mwaka 2008, waliwapa watu asubuhi dola 5 au 20, wengine wajinunulie, wengine watumie kwa ajili ya mtu mwingine kabla ya saa kumi na moja jioni. Waliowatumia wengine walikuwa na furaha zaidi, na ukubwa wa kiasi haukuleta tofauti. Kwa hiyo weka kiasi kidogo kinachotoka chenyewe benki kila mwezi, tarehe inayofuata mshahara. Kipime kwa swali moja: mwezi wa saba, joto la safari likiwa limepoa kabisa, hiki kitaniuma? Kama kitauma, punguza sasa. Kidogo kinachofika miaka mitano kinampa mpokeaji uwezo wa kupanga, kishindo cha mara moja hakimpi.

Kabla ya kuchagua shirika soma hesabu zao zilizokaguliwa, angalia kama wenyeji wapo kwenye uongozi au wapo kwenye picha tu, na uliza wanafanyaje mradi unapokufa. Shirika ambalo halijawahi kukiri kosa hata moja kwenye ripoti zake, mimi nalipita.

Nguo kuukuu: usafirishaji, ushuru na uchambuzi mara nyingi hugharimu kuliko nguo zenyewe, na zikifika zinamnyima riziki fundi cherehani na muuzaji wa pale pale. Uza hapa ulipo, tuma fedha.

Vituo vya yatima nivitenge, maana hapo nia njema imeumiza sana. Utalii na misaada vinaweza kuzalisha "yatima". Kambodia, kati ya mwaka 2005 na 2010, vituo vya makazi ya watoto viliongezeka kwa asilimia 75, na karibu watoto watatu kati ya kila wanne waliokuwemo walikuwa na angalau mzazi mmoja hai. Wageni walilipa, vituo vikahitaji watoto wa kuonyesha. Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, katika azimio lake la haki za mtoto, likazitaka nchi zishughulikie madhara ya safari za kujitolea kwenye vituo hivyo. Kumbuka pia upande wa mtoto: kila wiki mbili mgeni mpya anamkumbatia kisha anaondoka. Kama unataka kusaidia, tafuta mpango unaoiwezesha familia kukaa na mtoto wake.

Hela barabarani kwa watoto, hapana. Mtoto anayeingiza hela ana thamani kubwa barabarani kuliko darasani, na mara nyingi hiyo hela haikai mfukoni mwake.

Picha: pitia zote kwa swali moja, je, mgeni angempiga mwanangu hivi na kuirusha mtandaoni ningekubali? Zisizopita, futa. Zinazopita lakini zina sura ya mtoto, ziache kwako, usirushe. Ukirusha ya mtu mzima kwa ruhusa yake, zima alama ya mahali, na maelezo yataje anachofanya, siyo anachokosa. "Fundi wa baiskeli, ametengeneza mnyororo wangu kwa dakika kumi" inamwacha na hadhi yake.

---

Mlezi_Mtulivu

Naongeza kidogo kuhusu watoto wa nyumbani, kwa sababu msafiri akirudi ndio wa kwanza kuhubiriwa.

"Maliza sahani, wenzako huko wanalala njaa." Sentensi hii imeshindwa vizazi na vizazi na bado tunaitumia. Mtoto anamaliza kwa aibu. Hajamwona aliyepika, hajui chakula kilitoka wapi, na amejifunza kwamba njaa ya mtoto mwingine ni fimbo ya kumchapia. Mwingine mwenye akili atakujibu, "Basi tuwapelekee hii," na hutakuwa na jibu.

Badala yake mpe kazi yenye mikono. Zoezi la madumu wanaliweza kuanzia kama miaka saba, kwa chupa ya lita moja na nusu badala ya dumu. Mezani muulize, hiki kimepita kwa watu wangapi kabla ya kukufikia? Mnahesabu wote: aliyepanda, aliyevuna, aliyepakia, dereva, muuzaji, aliyepika. Akifika wanane achague mmoja anayeweza kumfikia, akamwambie asante kabla ya kulala. Basi. Usiongeze mafunzo.

Kingine: msafiri aache kuwakatia malalamiko watu wa nyumbani. Mke analalamika kuhusu kazini, wewe unaleta habari za vijijini huko ng'ambo. Maumivu ya mtu hayafutwi kwa maumivu ya mwingine, na ukirudia mara tatu watakuwa hawakuelezi lolote.

---

Kikokotoo

Bi_Daftari, nina pingamizi dogo. Martin Seligman na wenzake, mwaka 2005, walitumia mambo matatu mazuri kila usiku, siyo mara moja kwa wiki, na nafuu iliendelea kuonekana hadi miezi sita.

---

Bi_Daftari

Kweli, ila angalia mambo mawili. Kila usiku ilikuwa kwa wiki moja tu, na walionufaika muda mrefu zaidi ni wale walioendelea kwa hiari yao. Pia kila jambo liliambatana na sababu: kwa nini limetokea? Sababu hiyo ndiyo inayozuia kurudia "familia, afya, kazi". Kwa msafiri ningeunganisha: wiki ya kwanza ya kurudi kila usiku, mambo matatu na sababu zake, wakati kumbukumbu bado mbichi. Kisha shuka mara moja kwa wiki.

Na katika utafiti huo huo wa 2005, zoezi lililoinua moyo juu zaidi lilikuwa jingine: kumwandikia barua mtu ambaye hujawahi kumshukuru ipasavyo, ukampelekea mwenyewe. Nguvu yake ilidumu kama mwezi.

---

Mguu_Njia

Hiyo barua kwa mtu wa kule ugenini inawezekanaje? Wengi waliomsaidia msafiri wangu hawana hata anwani. Na huenda wakaona ajabu.

---

Bi_Daftari

Kuhusu kuona ajabu, Amit Kumar na Nicholas Epley walipima jambo hilo mwaka 2018. Waandikaji walidhani mpokeaji angeona aibu kuliko alivyoona kweli, na walikadiria chini furaha yake. Hofu hiyo iko upande wako tu.

Naipenda barua hii kwa msafiri kwa sababu inageuza meza. Safari nzima ulimwona mtu yule kama anayekosa. Ukikaa kumwandikia unalazimika kumwona kama aliyekupa: kigoda, maji ya kunawa, njia ya mkato, usiku wake wa kulala. Tafuta mmoja tu. Kama hukumbuki jina la hata mmoja, hilo nalo ni jibu kuhusu safari yako.

Isizidi ukurasa. Anza na tendo lenyewe kwa siku na mahali, kisha taja kilichomgharimu, kisha kilichokubadilikia. Usimwambie jinsi maisha yake yalivyokufundisha kuthamini maisha yako. Msomee mtu yeyote sentensi hiyo kwa sauti uone inavyouma. Usiweke ahadi. Ukitaka kuweka hela, ipelekwe siku nyingine kwa njia nyingine, isije barua ikageuka risiti.

Anwani si kikwazo kikubwa. Mwenye nyumba ya wageni, kiongozi wa msafara au mwalimu wa shule ya karibu huwa anajua pa kumpata. Tuma ujumbe wa sauti kwa simu ya jirani yake, wa dakika mbili, polepole. Kama lugha hamwelewani, mwombe mzungumzaji wa lugha yake atafsiri kwanza, wewe uisome kwa lafudhi yako mbovu hivyo hivyo. Mlipe mtafsiri. Na mwulize kabla kama neno la shukrani unalotaka kutumia ni la mkubwa, la rika au la mtoto, maana lugha nyingi hutofautisha, na mzee ukimpa la mtoto umeharibu yote.